Namba Nne Imemwagikiwa Chai

Hammerwarf, 3 Oktoba 1991

Kwa dada yangu Theda,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo unalijua. Kondoo wote ishirini na wawili wazima, paa halijavuja tangu Agosti, na jirani yetu Gesche bado anaandika mahali siku ninazosahau kufunga geti. Natumaini huko Passau mito imetulia, na kifua chako pia. Kabla hujaudhika kuona mwandiko wangu, nakukumbusha kwamba siku ya maziko ya baba, mwaka sabini na tisa, tuliapa mbele ya mchungaji kuwa hatutasemezana tena mpaka kufa. Nimepitia kumbukumbu zangu. Barua hazikutajwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Binti yangu Wiebke amerudi nyumbani tangu Juni na mtoto wake, Tjark. Yule mume tusimtaje. Mtoto ana miezi kumi na minne, meno sita, na kila anaponiona asubuhi anapiga makofi, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kunifanyia, hata halmashauri ya tuta la kuzuia bahari iliponipa saa ya ukatibu. Shida ni kifua chake. Amelazwa mara mbili kwa nimonia. Wiebke amesema waziwazi: akilazwa mara ya tatu, wanahamia Oldenburg, ghorofa ya tatu, mbali na unyevu wa bahari. Sitaki aondoke, Theda. Nakuandikia wewe kwa kuwa hapa siwezi kumwambia mtu yeyote.

Daktari Harms ametupa karatasi yenye mambo tisa yanayomponza mtoto mdogo apate maradhi ya kifua. Mimi nimekuwa katibu wa halmashauri ya tuta miaka thelathini na moja, bahari yenyewe naipangia ratiba, kikohozi kitanishinda? Nimefungua daftari. Namba moja, kuzaliwa njiti: kweli, aliwahi wiki tano, nimeandika "halirekebishiki". Namba mbili, kuachishwa ziwa mapema: kweli, kwa sababu ya zamu za kiwanda cha samaki, nayo imepita. Namba tatu, msongamano wa watu nyumbani. Namba tano, unyevu na ukungu ukutani. Namba sita, kuchangamana na watoto wagonjwa. Namba saba, chanjo. Namba nane, moshi wa jiko. Namba tisa, mikono michafu na mabusu. Nitaondoa moja baada ya nyingine.

Namba nne haisomeki. Imemwagikiwa chai.

Wewe ulikuwa muuguzi wa wodi ya watoto maisha yako yote. Nishauri.

Mdogo wako,
Onno


Passau, 15 Oktoba 1991

Onno,

Barua yako niliiweka juu ya kabati siku tatu nikiizunguka. Mimi mzima. Paka alikufa, nimechukua mwingine, huyu ana adabu. Mito iko chini. Kifua changu hakikuhusu.

Kiapo umekikumbuka sawasawa, kwa hiyo usitegemee simu. Lakini mtoto hakuapa chochote, basi nitajibu. Chanjo zikamilishwe wiki hii. Kila anayemgusa anawe mikono, wewe wa kwanza, maana nakumbuka mikono yako. Mwenye mafua akae mbali naye. Chumba chake kipitishwe hewa mara tatu kwa siku: fungua dirisha lote, dakika tano hadi kumi, kisha ufunge. Ukungu ukutani usugue, usiupake rangi juu kama alivyofanya baba.

Chai ikimwagika hukauka, na wino wa mashine hautoki. Ishike karatasi kwenye mwanga. Namba nne ni nini?

Birika la mama halijapasuka, natumaini.

Theda


Hammerwarf, 9 Novemba 1991

Kwa dada Theda,

Salamu, na pole kwa paka. Hapa mvua inanyesha kwa ubavu, kama kawaida yake. Kondoo mmoja kavunja mguu akimkimbia Gesche. Birika liko salama, natengenezea chai kila siku, sukari ya mawe chini, malai juu, na hakuna anayekoroga.

Taarifa ya kazi. Chanjo: tayari. Namba tisa: nimeanzisha ruhusa ya busu. Anayetaka kumbusu mtoto anatia sahihi kwenye daftari, anatamka kwamba hana mafua, ananawa, kisha anabusu nywele tu. Mchungaji alipanga foleni Jumapili. Gesche alikataa kutia sahihi akaniambia, "Onno, nilimpokea mama yake akizaliwa kwa mikono hii hii ukiwa umezimia koridoni, leo unanidai karatasi?" Nikamwambia sheria ni sheria. Akapiga chafya kwa makusudi. Nimemwonyesha mahali pa kupigia chafya, nje, nyuma ya banda.

Namba tatu: wale wanakwaya wenzangu watatu wanaokuja Alhamisi sasa wanaimbia uwanjani, mimi naitikia dirishani. Wimbo wa tatu wakaanza kukohoa wao. Namba nane: jiko la kuchomea mboji kavu nimelizima kabisa. Tunakaa ndani na makoti. Wiebke aliporudi kazini akanikuta namlisha mtoto uji nimevaa glavu, akasema, "Baba, huyu ni mtoto, si tuta!" Mtoto alicheka sana.

Namba sita: nimemtoa kwa mama mlezi mwenye watoto saba wa pua zinazotiririka. Kutwa nzima anakaa nami. Hewa napitisha kuliko ulivyoagiza: nilianza na mara tatu, kikohozi kikaongezeka, nikapandisha hadi tano, kikaongezeka tena, sasa ni saba. Sielewi. Nakuletea nakala ya ukurasa mmoja wa daftari ili ujionee nisivyolala kazini.

Daktari Harms yuko likizo, kwa hiyo habari ya namba nne inasubiri.

Onno


Passau, 18 Novemba 1991

Onno,

Mimi mzima. Theluji imeanza. Paka mpya si wa adabu, nilimsifu mapema. Washeni jiko, kwa jina la Mungu, na mmwite mtu asafishe dohani. Moshi usirudi ndani, lakini sikusema mgande.

Ukurasa wako nimeusoma jinsi nilivyokuwa nikisoma chati za wodini. Unapitisha hewa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya kifungua kinywa. Saa nne, baada ya chai. Saa saba, baada ya chakula. Saa tisa, baada ya chai. Saa kumi na moja, bila sababu. Saa moja jioni, baada ya chakula. Saa tatu, kabla ya kulala. Kila mara ni dakika kumi na moja. Hakuna siku hata moja yenye dakika kumi, wala kumi na mbili.

Nimewahi kuishi nyumba moja na mtu wa dakika kumi na moja. Nilikuwa nazihesabu kitandani.

Siku ya maziko ulichukua vitu viwili. Birika nimekuuliza. Sasa nakuuliza kile kingine. Na nakuuliza tena, kwa mara ya mwisho kwa adabu: namba nne ni nini?

Theda


Hammerwarf, 2 Desemba 1991

Kwa Theda,

Salamu. Goti baya. Kondoo wa mguu anaendelea.

Unanishutumu, basi nijibu kwa utaratibu. Ndiyo, nina kiko cha baba. Kila mtu hapa anajua, Wiebke anajua, na anajua navutia nje. Ramani ya nyumba hii, niliyoipiga muhuri mwenyewe mwaka sitini na nne, inaonyesha kwamba nyumba inakomea kwenye ukingo wa nje wa fremu ya dirisha. Kiko kikiwaka, kichwa changu, mabega yangu na mkono wa kulia viko ng'ambo ya fremu hiyo. Anayevuta ni kichwa. Makalio na miguu vilivyobaki chumbani havivuti. Nimemuuliza mwenyekiti wa halmashauri naye kakubali kwamba kichwa changu, kisheria, kiko uwanjani.

Navutia kwenye dirisha la chumba cha mtoto kwa sababu ndilo pana, na kwa sababu siwezi kumwacha peke yake nikaenda zangu nyuma ya banda. Ningekuwa babu wa namna gani?

Nimepandisha hadi mara tisa kwa siku. Anakohoa, lakini anapiga makofi bado.

Usiniandikie tena kuhusu chai. Karatasi imepotea.

Onno


Hammerwarf, 17 Desemba 1991

Theda,

Amelazwa leo mchana. Midomo ilikuwa ya buluu. Wamemwekea oksijeni. Nilimbeba mimi mpaka kwenye gari, na hakupiga makofi.

Wiebke ameshusha masanduku darini. Wataondoka Januari.

Onno


Passau, 20 Desemba 1991

Mdogo wangu Onno,

Leo sina salamu. Nimepiga simu hospitali, si kwako, kwa hiyo kiapo kizima. Muuguzi wa zamu ameniambia mtoto anapumua vizuri zaidi na jana alikunywa maziwa. Kaa chini ndipo usome yanayofuata.

Madirisha yote ya nyumba hiyo yanatazama magharibi, kwenye bahari. Upepo huko unatoka wapi, bwana katibu? Umeandika upepo wa kila siku kwa miaka thelathini na moja. Kichwa chako kiko uwanjani, sawa. Moshi wako unageuzwa na upepo, unapita juu ya mgongo wako, unaingia kitandani kwa mtoto. Kadiri unavyompitishia hewa ndivyo unavyomvutisha. Umemtoa kwa mama mlezi, ukamweka kutwa nzima mahali pabaya zaidi, kwa mapenzi yote uliyonayo. Hata nguo zako zinanuka, naye unampakata. Njiti, mafua ya wenzake, unyevu, hayo yote yamo na yana uzito wake, lakini hili lilikuwa mikononi mwako.

Najua kwa sababu mimi nililala chumba hicho. Mama alimkataza baba kuvutia jikoni, akahamia dirisha langu. Nilipofika miaka minane daktari alimwambia achague: aweke kiko chini, au anipeleke kwa shangazi huku milimani. Baba alifikiri wiki nzima. Kisha nikanunuliwa viatu vya safari.

Wewe ulikuwa na miaka mitano, uliambiwa nimebahatika. Mimi niliambiwa ukweli nikiwa na kumi na sita. Birika nililipigania kwa sababu asubuhi ile mama alinimiminia chai humo, vikombe vitatu, kama mgeni mkubwa. Sikutaka kitu kingine katika nyumba ile.

Nina kifua kibovu mpaka leo, kwa kuwa umeuliza.

Nakuja tarehe tatu. Sitasema neno.

Theda


Jikoni, Hammerwarf, 4 Januari 1992
(Kwa mkono, juu ya meza)

Dada Theda,

Karibu. Natumaini safari ilikuwa njema na kitanda hakina baridi. Umeketi mbele yangu, unaonekana mzima, umezeeka kidogo upande wa kushoto. Nakuandikia kwa kuwa kiapo ni kiapo.

Karatasi haikupotea. Ilikuwa ndani ya daftari. Na chai haikumwagika, niliimwaga. Niliinamisha kikombe taratibu mpaka namba nne ikafunikwa, kisha nikaita Wiebke aje aone ajali. Hata hivyo ilisomeka vizuri sana.

Namba nne: kuvuta tumbaku ndani ya nyumba anamolala mtoto, hata dirisha likiwa wazi.

"Hata dirisha likiwa wazi," Theda. Daktari aliongeza kwa kalamu yake mwenyewe. Nadhani alishaniona dirishani akipita.

Nilikuonea wivu vile viatu. Nilikaa chini ya meza hii nikalia kwa sababu vilikuwa na vifungo vya shaba. Hukuniaga, nikadhani ni maringo.

Onno


Jikoni, tarehe hiyohiyo

Onno,

Ulikuwa umejificha. Nilikutafuta mpaka treni ikakaribia kutuacha.

Viatu vilinibana. Sasa nipe kiko, na hiyo tumbaku iliyo nyuma ya pipa la unga, maana naiona kutoka hapa nilipo. Mapazia ya chumba cha mtoto, blanketi na koti lako vitafuliwa leo. Kuta tutazisugua pamoja. Ukishindwa kuacha kabisa, utavutia nyuma ya banda, kwenye chafya za Gesche, uoge na ubadilishe nguo kabla ya kumgusa mtoto, naye Wiebke atakaa naye. Ila naona ungeacha.

Yaliyo kwenye karatasi hii mwambie Wiebke mwenyewe, kwa mdomo. Kwake hukuapa. Mimi nitasimama mlangoni.

Mimina chai. Sijaweka kijiko kikombeni, maana yake sijatosheka.

Theda


Hammerwarf, 11 Aprili 1992

Kwa dada yangu Theda,

Natumaini umefika salama na paka amekutambua. Hapa kondoo wamezaa, wapya kumi na saba, na mmoja ana alama ya jicho inayofanana na mwenyekiti wa halmashauri. Goti liko palepale. Gesche amesamehe, sasa anatia sahihi daftari la mabusu kwa hiari yake na anataka muhuri.

Tangu Januari Tjark hajalazwa. Machi alipata mafua, unakumbuka, tukakaa macho sote watatu, yakaishia puani. Daktari Harms hataki kusema imekwisha, anasema majira ya baridi yatatuonyesha. Mimi nimevumilia wiki kumi na nne. Wiki ya pili nilitafuna sukari ya mawe mpaka jino likavunjika. Wiki ya tatu, unajua uliponikuta, nyuma ya banda. Kiko nimekikabidhi halmashauri kama mali iliyookotwa, wamekipa namba na kukifungia, na ufunguo anao Gesche, kwa hiyo ndiyo basi.

Wiebke anakusalimu. Anasema nyumba imekuwa kimya mno bila sisi kusukumiana karatasi mezani, na kwamba tumemaliza kurasa zote za mtoto za kuchorea. Unajua kwamba siku ile nilipomwambia habari ya chai alivaa koti lake. Alitoka, akatembea juu ya tuta mpaka giza likaingia, akarudi, akakaa miezi mitatu bila kuamua. Hujui yaliyofuata ulipoondoka. Jana amerudisha masanduku darini. Moja ameliacha chini ya kitanda chake, likiwa tupu. Nimemuuliza la nini. Kasema, "La kukukumbusha." Nimekubali. Ni haki yake.

Ukifungua mkoba wako mkubwa, chini ya soksi za sufu kuna birika. Nililifunga ndani ya kurasa za daftari, zile za mara saba na mara tisa. Usilirudishe. Nimenunua jingine sokoni, baya, mdomo unachuruzika, na chai inamwagika yenyewe bila msaada wangu.

Daftari jipya limebaki na jambo moja la kuandika, na nimekaa nalo tangu nilipokusindikiza. Nilisimama stesheni na mtoto mkononi, mahali palepale ulipopandishwa treni na viatu vyako vipya, na nilijua unapaona kama mimi ninavyopaona. Ulikuwa tayari ndani ya behewa. Tjark alikunyooshea mikono akitaka kuja, akalalia upande wako, nami nikalegea kidogo ili umbusu. Ndipo ukashusha kioo.

Nimeandika hivi. "Stesheni, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Upepo wa magharibi. Theda alisema: Huyu asipande. Onno alisema: Hapandi."

Kiapo tumekivunja sote wawili, dada, mbele ya shahidi mwenye meno tisa. Alipiga makofi mpaka treni ikapotea. Basi nipigie simu Jumapili.

Mdogo wako,
Onno